Muziki wa Mwanga kwenye Matangazo ya Vifo

Muziki ule haukutungwa kwa ajili ya wafu. Ulifika mjini kwetu Baraka, Kongo, ndani ya flashi ya binamu yangu, pamoja na maelezo mafupi: hii ni gayageum, ala ya Korea ya nyuzi kumi na mbili inayolazwa magotini, na mwanamke anayeipiga peke yake aliutunga akitazama mwanga wa asubuhi ukipenya mlango wa karatasi. Lakini mimi kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo redioni kila adhuhuri, na muziki wetu wa zamani ulikuwa umeharibika. Huu ulinifaa kwa sababu ya kazi tu. Kati ya uzi na uzi kuna kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho naweza kumtaja marehemu, shangazi zake na mahali pa kilio bila kugombania nafasi.

Msimu wa mvua ulipokwisha, mji mzima ulikuwa umeushika. Uzi wa kwanza ukilia, mwanamke anayetwanga sombe, majani ya muhogo, anauacha mchi hewani, na wenye pikipiki wanazima injini. Siku moja niliupiga kwenye simu nikinyoa ndevu, maana kusema kweli naupenda, na jirani akaingia na mzigo wa kuni kunipa pole. Tulicheka sana. Hata hivyo kuni aliziacha, akiogopa kurudi na mkosi kwake.

Kisha ikaja habari ya Lulimba. Mtoto wa kwanza wa dada yangu mkubwa alikuwa anachimba dhahabu huko, na baada ya mvua shimo likaporomoka. Wenzake walichimba kumtafuta, wakachoka, wakaacha. Mwili haukupatikana. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hilo lilikuja na kila lori. Dada yangu aliwajibu wote neno lile lile: "Redio haiyasema bado."

Ukoo ukakaa. Mjomba akaamua kilio kifanyike, mama wa watu anyolewe nywele, alie, apumzike. Tangazo nikapewa mimi.

Nilisoma. Ila kidole changu kilikataa kubonyeza muziki. Huyu ni mtoto niliyemfundisha kuogelea, na sasa yuko gizani chini ya udongo. Nilishindwa kumwekea mwanga ule juu. Nikalisoma tangazo kavu, kama la mbuzi aliyepotea.

Nilimkuta dada yangu akifagia uwanja. Waliokuja kuomboleza walikuwa wamesimama njiani na mikeka yao, kawafukuza.

"Yaya," nikamwita, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "redio imesema."

"Nilisikiya. Ulisoma bila ile muziki."

"Ni mi nilishindwa kuiweka."

"Mudogo wangu, Baraka yote inajua. Muntu akikufa, ile muziki inalia. Ya mutoto wangu haikulia. Basi hayakufa, ni muzima."

Alisema kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. Kisha akaendelea kufagia.

Mjomba anataka nisome tena, safari hii na muziki. Nimemwambia kesho, na kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Kila adhuhuri nasoma wafu wa wengine, wa vijiji vya Nundu na Bibokoboko, uzi unalia, na najua dada yangu ameinamia redio akingoja nitamtaja nani. Nikitaja mtu mwingine, anapumua. Muziki wenyewe nauogopa sasa. Nausikia hata redio ikiwa imezimwa, nikivuka barabara, nikinawa mikono.

Leo nilipofika kwake alikuwa ameshapika. Alinipakulia mimi, kisha akampakulia mwanawe wa Lulimba, akaifunika sahani ili chakula kisipoe.