Mwaka Mama Alipobatizwa

Harufu ya majani ya mikaratusi yaliyolowa mvua hunirudisha Goma ya miaka ya hamsini, kwenye baraza la kanisa ambapo sisi wakatekumeni, tuliokuwa tukijiandaa kubatizwa, tulijifunza dini. Tuliketi juu ya mawe meusi ya volkeno, wakubwa kwa wadogo, upepo wa ziwa ukitupiga mgongoni. Katekista Gaspari, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliuliza, "Mungu ni wangapi?" Tukaitika, "Mungu ni mmoja tu." "Na ndani yake mna nafsi ngapi?" "Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu." Mimi niliyaimba majibu hayo kama wimbo wa mchezo. Mama, aliyeketi kando yangu, aliyatamka polepole, uso umekunjamana, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita Mama mkubwa. Wa pili ndiye mama yangu. Tulikuwa tumeshuka wote kutoka milima ya Masisi, tukalima shamba moja la maharage na viazi, na wake hao walipika kwa zamu. Nilipougua surua, aliyenibeba mgongoni mpaka nikapona ni Mama mkubwa. Watu wazima wote watatu walianza mafundisho pamoja, na katika mvua zile nyumba yetu ilinuka udongo, moshi na furaha. Jioni Papa aliwauliza maswali ya katekisimu, wao wakamcheka alipokosea.

Mvua zilipokaribia kwisha, padri alikuja kuwahoji waliokuwa tayari. Aliwaambia wazazi wangu bila ukali: mwanamume anayetaka ubatizo atabaki na mke wa kwanza. Wa pili atoke nyumbani, na akishatoka, huyo mke naye atabatizwa. Papa alisimama, akavaa kofia yake papo hapo mbele ya padri.

"Mimi sitafukuza mutu," alisema. "Kama mulango ni ule, nitabaki inje."

Hakurudi tena kwenye mafundisho. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini Mama aliendelea kwenda, na Mama mkubwa pia. Siku moja, Gaspari alipomaliza kuuliza yale maswali ya kila siku, Mama aliinua mkono.

"Katekista, kama Mungu mwenyewe hakai peke yake, mbona mimi naambiwa niende kukaa peke yangu?"

Gaspari alifunga kitabu chake.

"Mama, sikiliza," alisema. "Yesu aliwaita watu, wakaacha nyavu na baba zao. Sijui kwa nini wewe unaombwa kuacha zaidi yao. Ukibaki kwako, hakuna atakayekucheka hapa. Mimi sitakubali."

Tulirudi nyumbani. Mama alitembea mbele, na mara mbili alisimama njiani kana kwamba amesahau kitu. Tulipofika alimkuta Papa akinoa jembe.

"Papa Furaha," alimwambia, kwa jina la ndugu yangu mdogo, "haunifukuze. Mimi mwenyewe ninaenda. Nimeitwa."

"Nani amekuita kuniacha?"

"Hakuniita kukuacha. Ameniita tu. Na njia inapita pale."

Papa hakula siku ile. Kesho yake alichukua panga, akaanza kukata miti ya kumjengea nyumba ng'ambo ya uwanja wa mawe. Aliijenga mwenyewe, akakataa msaada wa jirani yeyote. Furaha angebaki kwa baba yake, kama ilivyokuwa desturi. Mimi niliruhusiwa kumfuata Mama ili asiwe peke yake. Siku ya kuhama, Mama mkubwa alijitwika jiwe letu la kusagia mtama, akatusindikiza akilia kwa sauti bila kujificha. Furaha alitukimbilia mpaka Papa akamshika. Mama hakugeuka.

Alibatizwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu, yeye na Mama mkubwa, bega kwa bega. Maji yalimwagwa mara tatu kichwani pake, kwa Jina lile moja, naye akafumba macho. Papa alikuwa nje ya kanisa, kofia mkononi. Walipotoka aliwapa mkono wote wawili, akasema, "Hongereni, bamama." Sasa angeweza kubatizwa yeye pia, kwa kuwa alibaki na mke mmoja, lakini hakutaka. Alipita kwetu mara nyingi, akaleta viazi, akasimama nje ya ua na kuuliza hali. Mpaka kufa kwake hakuvuka ua ule, na Mama hakumkaribisha. Siku alipozikwa, Mama alilia kama mjane.

Wajukuu wangu hubatizwa wangali wachanga, usingizini, kisha tunakula na kupiga picha. Padri wa siku hizi ni kijana wetu, na nadhani angemwambia Mama maneno mengine. Nafurahi kwamba hakuna hata mmoja wao atakayekimbia nyuma ya mama yake namna ile. Lakini wanaponiuliza kumfuata Yesu ni nini, siwaelezi kwa katekisimu. Nawaambia kuhusu mwanamke aliyeondoka kwa mume aliyempenda, na kuhusu mume aliyemjengea nyumba ya kuondokea. Hata sasa, katika uzee huu, sijui ni yupi kati yao aliyetii zaidi.