Daraja Ambalo Busia Haina

Nilikuwa Burumba, mtaa wa Busia mpakani na Uganda, kwa mama fundi wa nguo, nikingoja suruali yangu ipunguzwe urefu, mwendesha boda akaingia ameinua simu.

"Sikizeni hii!"

Sauti ya mwanaume iliyorekodiwa ikasikika, kwa uchungu kabisa: "Niko hapa Busia mjini, naona kwa macho yangu. Waganda wanavuka daraja makundi kwa makundi, wanakuja kupiga kura kwetu!"

Pale mlangoni huketi dada Mganda anayeuza matoke. Alisikia. Akaanza kurudisha ndizi kwenye gunia polepole, bila kututazama.

Mama fundi akatoa mguu kwenye cherehani. "Boss, rudisha hapo kwa daraja."

Ikachezwa tena.

"Daraja gani? Mto na daraja ziko Malaba. Hapa mjini tunavuka kwa lami. Huyu mtu hajawahi fika Busia."

"Lakini mama, kila mtu anaituma."

"Na wewe ulituma?"

Mwendesha boda akatoka, akainama, akamsaidia yule dada kupanga ndizi upya.

Sikuthubutu kumcheka. Nimezaliwa hapa, nimevuka mpaka huo tangu utotoni, na sauti hiyohiyo niliituma asubuhi kwa kikundi cha kanisa kabla chai yangu haijapoa. Mwongo wa mbali hajui barabara zetu. Sisi tunaozijua ndio tunaombebea mzigo.

Niliandika kikundini hapohapo kwamba nimewadanganya. Kisha nikanunua kwa yule dada mkungu mzima wa matoke. Nyumbani tuko wawili tu.