Kadi ya Waridi kwenye Kamba ya Mbele

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanisingizia upole. Siku ile nilikuwa nimenuna tangu asubuhi, na sababu ilikuwa kadi.

Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeachika, nauza dukani kwa mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa na duka karibu na soko la Kasulu. Mwaka ule Idi ya kuchinja na Krismasi ziliangukia wiki moja. Mzee akaniambia kadi za Idi zikae juu. Wakaja walimu wa misheni wakauliza mbona mtoto Yesu ametundikwa chini, jirani na majani ya chai. Mzee akaona aibu, akasema basi, zote ziwe juu. Zote juu vipi, na kamba ya juu ni moja? Niliteremsha kila kitu, nikarundika juu ya kaunta, nikaanza upya huku nikisonya.

Kadi tulizianika kama nguo. Kamba inavutwa kutoka ukuta hadi ukuta, kadi inakunjwa juu yake, picha inatazama watu na sehemu ya kuandika inabaki ndani. Kamba tatu za mbele zilikuwa za kuuza. Ya nne ilikuwa nyuma yangu, na hiyo ilikuwa ya kadi zilizokwisha kuandikwa, zinazongoja lori la Kibondo au la Kakonko. Madereva walikunywa chai kwetu, wakaondoka nazo.

Nilipomaliza nikageuka kutazama kamba ya nyuma. Zilikuwepo kadi za Kakonko, zilikuwepo za Kibondo, lakini ile ya waridi haikuwepo. Nilikuwa nimeichanganya na za kuuza wakati wa kurundika.

Kadi ile aliiandika binti mmoja wa Nyakitonto jana yake, amesimama pale pale kaunta. Alikuwa mshonaji wa vitambaa, na alitoboa pembe ya kadi kwa sindano akafunga uzi wa kijani, alama yake. Ilikuwa inakwenda kwa kijana fundi seremala wa Kibondo, aliyevuka kutoka Burundi na mama yake. Baba wa binti hakutaka kumsikia kijana huyo. Alisema hamjui babu yake wala ng'ombe wa kwao. Kulikuwa na mgane huko Kasanda, mtu mzima mwenye shamba, aliyekwisha kuleta maneno ya posa. "Dada," binti aliniambia, "baba akijua ninaandikiana naye, wiki haiishi niko Kasanda." Nikamwahidi haitaonekana na mtu. Niliahidi kwa kujiamini kabisa, mjinga mimi.

Nikaanza kupekua kamba za mbele. Waridi zilikuwa nyingi mwaka ule. Niliiona ile yenye uzi, kamba ya kati, usawa wa macho ya mtu, na nilikuwa nanyoosha mkono niichukue, mlangoni akaingia baba wa binti.

Nilimfahamu. Mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mrefu, koti la mvua begani. Akasimama mbele ya kadi na kuanza kupiga makofi polepole, kunisalimu. "Mwakeye," akasema.

Kwetu Buha salamu haziendi mbio. Mkubwa akikupigia makofi, unaweka chini ulichoshika, unainama, unapiga na wewe, mnaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa, makofi yanaendelea. Mwanamke anayetupa salamu ili akachukue kitu ukutani amekwisha kujieleza kwamba ana jambo. Basi nikainama nikapiga makofi, na kati ya viganja vyangu na uso wake niliuona uzi wa kijani ukining'inia. Nilitamani kulia.

Alitaka kadi ya kumpelekea mdogo wake Kakonko. Hakujua kusoma, alichagua kwa picha. Alianza mwisho wa kamba, akaja pole pole. Nikamsifia kondoo, nikamsifia nyota, nikamwambia mishumaa ndiyo inayopendwa. Akafika katikati, akaishika ya waridi, akaifungua.

"Hii imeandikwa."

"Ni ya mteja, baba. Imepotea njia. Nipe niirudishe."

Hakunipa. "Nisomee. Nijue watu wanaandikaje, na mimi uniandikie vivyo hivyo."

Nikaipokea, nikasoma uongo. Mdogo wangu mpendwa, nakutakia Krismasi njema, watoto hawajambo, mahindi yamestawi, mvua imetosha, tuonane Mungu akipenda. Nilisoma kwa madoido, nikijipongeza moyoni.

"Soma tena," akasema. "Nishike vizuri."

Nikasoma tena. Akanisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mara ya kwanza yalikuwa mahindi," akasema. "Sasa ni maharage. Na mvua umeiacha."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya kosa la mtu aliyekaa darasani. Nilidhani asiyesoma hana pa kunishika. Kumbe mtu ambaye maisha yake yote hakuweka neno kwenye karatasi analiweka kichwani, na halipotei.

Akaushika ule uzi kwa vidole viwili. "Uzi huu niliununua mimi, hapa hapa dukani. Sasa nisomee kilichoandikwa, mwanangu. Usinifanye mtoto."

Ningeweza kuichana. Niliwaza hivyo kweli. Lakini kuichana kungekuwa kusema kila kitu, na kwa namna mbaya kuliko ilivyoandikwa. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Usitume tena watu kuniambia nitoroke. Sitoroki. Baba ni mkali, lakini mama alipofariki ndiye aliyenifunga mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, akalima nami mgongoni, watu wakamcheka. Siondoki kwake bila neno lake. Akikataa mpaka nizeeke, nitazeekea kwake. Kama unaweza kungoja, ningojee."

Nje walikuwa wanapakua magunia ya chumvi. Mzee wa duka alikohoa huko ndani, nikaomba asitoke.

"Soma pale pa mgongoni," akasema.

Nikasoma. Alikuwa anasikiliza kama neno litahama. Halikuhama hata moja.

Akakaa juu ya gunia la mchele, koti likaanguka, hakuliokota. Nikaliokota mimi. Nilikuwa na hofu bado, lakini chini ya hofu niliona wivu, tena wivu mkali. Baba yangu mimi aliniozesha kati ya chakula cha mchana na cha jioni, na sikuwahi kumwandikia mtu yeyote kwamba namngoja baba aseme.

"Lori la Kibondo ni lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi, baba."

"Irudishe kwenye kamba yake." Akasimama, akachukua koti. Kadi ya mdogo wake wa Kakonko alikwisha kuisahau. Mlangoni akageuka. "Akikuuliza, mwambie haikuonekana na mtu. Na useme hivyo hivyo kila akiuliza. Usije ukabadilisha."

Akaondoka bila makofi ya kuagana.

Yule mgane wa Kasanda aliambiwa atafute kwingine. Seremala alingoja misimu miwili ya kahawa kabla hajaitwa Nyakitonto kujieleza, na baba wa binti alimhoji siku nzima. Binti aliniuliza kwanza wiki ile ile, akiwa na uzi mwingine mkononi. Akaniuliza siku ya harusi, akininong'oneza sikioni. Akaniuliza tena tulipotoka kumzika baba yake, na wakati huo tulikuwa tumezeeka sote wawili. Mara zote tatu nimemjibu haikuonekana na mtu, kwa maneno yale yale.