Mfarishi wa Mama na Kitanda cha Madam

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kana kwamba nimeamka nayo leo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, katika chumba cha vitanda vinne hapa Karama, Dubai, nafumua. Sishoni, nafumua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, macho mazuri, vidole vyepesi, na akili ambayo nikiitazama sasa kwa mbali naona haya kidogo.

Kwanza nikueleze nilichokuwa nafumua. Mama yangu alikuwa Makete, na Makete kuna baridi ya kweli, siyo hii ya kiyoyozi unayoizima kwa rimoti. Miguu yake ilikuwa haipati joto. Akaniomba kwenye simu nimshonee mfarishi wa kujifunika miguuni, ule wa viraka, kwa mkono. Nikamwambia, mama, huku blanketi ni tele, nitakununulia moja nene. Akasema, "Blanketi ninalo. Nataka kitu ulichokishika wewe." Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na huo ulikuwa mwaka wa tatu sijarudi nyumbani. Nikaahidi.

Kuahidi nilikuwa hodari. Ijumaa iliyofuata nilikwenda Bur Dubai kwenye maduka ya vitambaa, nikarudi na mfuko wa vipande vya mwisho wa jora, nyuzi za kudarizi za rangi kumi na mbili, sindano za kila ukubwa, na kastabini mbili za kukinga kidole, kana kwamba ningeshona kwa mikono yote miwili. Nilipovipanga kitandani nikajiona nimefika nusu ya kazi. Usicheke. Na wewe una boksi lako la nyuzi chini ya kitanda, nalijua.

Kazi yangu ilikuwa usafi na kupiga pasi kwenye nyumba ya familia moja. Nakwenda asubuhi, narudi jioni. Kila siku nilitandika kitanda cha madam. Juu yake palikuwa na mfarishi mweupe, mishono midogo kama punje za ulezi, yote sawasawa, imenyooka kutoka kichwani hadi miguuni. Nikawa natandika huku nimeinama kama mkaguzi wa serikali. Nikirudi Karama nashona mistari miwili, nalinganisha na ile niliyoibeba kichwani, nafumua. Kesho yake vilevile. Nilitaka mama yangu alale kama madam. Ndiyo maana nakwambia, ile nia nzuri ilinichelewesha kuliko uvivu. Uvivu angalau ningeuonea aibu.

Chumbani tulikuwa na Akinyi, Mkenya, mlinzi kwenye jengo moja la ofisi. Huyo hakuwahi kunyamazia kitu.

"Dada, hiyo kitu inaenda mbele ama inarudi nyuma?" aliniuliza siku moja akivua viatu vya kazi. "Si unaona hiyo ghorofa hapo mbele? Walianza kuchimba shimo ukiwa kwa hicho kiraka cha njano. Saa hizi watu wameingia, wameweka mapazia. Wewe bado uko kwa njano!"

"Yangu ni kazi ya mkono," nikamjibu kwa maringo.

"Na hao mafundi walikuwa wanajenga na miguu?"

Sasa, hapa watu tuna utaratibu wetu. Mtu wa chumbani au wa jirani akienda likizo, hufungua begi lake, na kila mmoja hupewa nafasi ya kilo mbili tatu za kupeleka kwao. Ukikosa nafasi hiyo, unasubiri mwingine aende, na hujui ni lini. Alikwenda dada mmoja wa Mbeya; nikasema bado, kona haijakaa sawa. Akaenda wa Iringa. Nikasema bado, nimefumua juzi. Mwaka na nusu ukakatika. Mwanzoni mama alikuwa akiniuliza, "Umefika wapi?" Baadaye akaacha kuuliza. Kisha jirani yake akaniambia kwamba siku hizi hata kanisani haendi, miguu imevimba, anakaa jikoni karibu na moto kutwa nzima. Unajua nilifanya nini niliposikia hivyo? Nilikwenda kununua uzi mwingine.

Basi Ijumaa hiyo ninayokwambia, aliyekuwa kitanda cha pili ni Bi Zuhura, mama wa Unguja, mkubwa wetu chumbani. Yeye alikuwa anashona kofia za viua, zile za vitobo vya kudariziwa, kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, wala sikuwahi kumwona akirudi nyuma. Aliinua macho kwenye kofia yake, akasema:

"We mtoto, wafumua nini tena?"

"Mshono umepinda, Bi Zuhura."

"Umepinda kwa nani?"

Nikamweleza habari ya kitanda cha madam. Akaiweka kofia yake chini, akavua miwani.

"Mama'ko kaomba kitanda cha madam?"

"Hapana."

"Kaomba nini?"

"Kitu nilichokishika mimi."

"Tumaini wa chumba cha jirani anakwenda likizo Alhamisi," akasema, "na ni mtu wa kwenu huko huko. Kesho muulize huyo madam wako, mfarishi wake kaushona nani. Kisha njoo unambie."

Kesho yake nikamuuliza madam, kwa heshima zote, huku nimeshika foronya. Nilitegemea jina la fundi mkubwa wa nchi ya mbali. Madam akacheka. "Hii? Hii makina. Yote makina." Mashine, mwanangu. Mwaka na nusu nilikuwa nashindana na mashine, na mashine yenyewe haina habari kwamba tunashindana.

Niliporudi na habari hiyo, Akinyi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Zuhura hakucheka. Aliuchukua mkasi wangu mdogo wa kufumulia, akaufungia kwenye sanduku lake. "Khalas. Mpaka Alhamisi huna mkasi. Uzi kata kwa meno."

Nikashona siku nne. Mfarishi wa miguu si mkubwa, na viraka nilikuwa nimeshavikata. Nikitoka kazini, kabla ya chai, kabla ya kupiga soga, shubiri moja, kisha nyingine. Palipopinda pakabaki pamepinda. Kiraka cha kijani nilikivuta uzi kwa hasira mpaka kikakunjamana, nikakiacha. Ua la kona nililodarizi lilitoka kama kabichi. Alhamisi ilipofika nilikuwa nimemaliza pindo pande tatu. Upande wa nne nilikuwa nimeushikiza kwa pini tu. Nikamwambia Tumaini, "Acha basi, nitampa atakayefuata." Nilipogeuka, Bi Zuhura alikuwa ameshautia mfarishi kwenye begi la Tumaini, kalifunga zipu na kulikalia. "Anotaka kufungua begi hili aniondoe mimi kwanza." Na Bi Zuhura hakuwa mwanamke mwepesi.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu. Akasema pini amezitoa, na upande wa nne amelimalizia pindo mwenyewe kwa uzi mweusi, akiwa amekaa kitandani, mfarishi uko miguuni.

"Mama, mishono imepinda," nikamwambia.

"Nimeona. Na hicho cha kijani nani alikuwa amekuudhi?"

Aliutumia misimu miwili ya baridi. Wa tatu haukumkuta. Nilipokwenda kuzika niliukuta umekunjwa kwenye kiti chake, umefifia rangi, umefuliwa mara nyingi, na pale pa kijani pamekunjamana vilevile.

Siku hizi mimi ni mtu wa ndani, sitoki sana. Mji huu una majumba ya kushangaza dunia. Mimi naijua vizuri ghorofa yangu ya pili na dirisha lenye mwanga. Nashona hapo, na nawaona nyinyi mnavyotumiana picha za kazi za watu kwenye simu, kisha mnafumua za kwenu. Basi nisikilize, mwanangu. Mshono wako wa leo uulinganishe na wako wa jana, usiulinganishe na wa kitanda cha mtu usiyejua kaushona nani. Usinunue uzi mpya kwa kuogopa kuumaliza ulionao. Shona shubiri yako kila siku kabla ya chai, hata kama unachoka, hata kama ua linatoka kabichi. Na akitokea mtu anayesafiri Alhamisi, mpe, hata kama upande mmoja una pini. Aliyekuomba anakusubiri wewe, na kusubiri kwake kuna mwisho. Mimi nusura niufikie mwisho huo nikiwa na mkasi mkononi.

Mungu akupe macho ya kuliona tundu la sindano mpaka uzeeni, akupe mikono isiyotetemeka, na akupe mtu wa kukukalia begi siku utakapotaka kulifungua. Na wale unaowashonea, awaweke mpaka kazi yako iwafikie wakiwa na miguu ya kufunikwa. Amina.