Kambale wa Jikoni kwa Mama

Enzi zetu kule Kisumu, safari ya kuvua haikupangwa. Mvua ikinyesha wiki nzima, ziwa lilipanda lenyewe, likaingia shambani, kisha mlangoni, na samaki wakaja nalo. Wa rika langu mnakumbuka: vitanda juu ya matofali, kuku juu ya paa, harufu ya omena, dagaa wetu, waliokataa kukauka.

Mimi na kaka yangu Odhiambo hatukungoja ziwa. Tuliziba kijito cha nyuma ya jiko kwa matawi, mawe na tope, tukaacha upenyo wa kutegea kikapu. Mwaka mmoja tuliziba vizuri mno. Asubuhi viazi vitamu vya jirani vilikuwa chini ya maji, na kambale mnene alikuwa anajigaragaza jikoni. Mama alimpika kwanza, akatuchapa baadaye. "Kuleni mshibe," alisema, "mpate nguvu ya kulia."

Sasa naishi Harrow, huku ughaibuni, na nawaonea wivu wanyama. Msicheke. Kuna bustani si mbali na kwetu walikoletwa biva, kama panya buku wenye mkia bapa, nao kazi yao ni kuziba vijito kwa matawi na tope. Majuzi maji yalifurika hadi njia ya kando ya ziwa dogo la bustani ikafungwa. Nani alichapwa? Watu walikuja na darubini na chai kwenye chupa, wakawaita mafundi. Fundi ni mimi!

Wivu ulionichoma hasa ni mwingine. Binti yangu Atieno, wa miaka kumi na mmoja, anapanga kwenda kuvua pale ziwani Jumamosi: kibali, kiti cha kukunja, na sharti la kumrudisha samaki majini. Kizazi hiki kinamvua samaki ili kimpige picha. Hayo nayameza. Lakini hakuniomba mimi. Amemwomba Mzee Harish, jirani yetu aliyezaliwa Kisumu, na ambaye samaki hajawahi kumtia mdomoni!

"Uncle Harish tells me about the lake, Dad," alinijibu nilipomuuliza sababu; kumbe Harish humsimulia ziwa letu la Kisumu.

Nikatoka hadi kwenye uzio, nimefura. Mzee Harish alikuwa anamwagilia bizari yake.

"Bwana, unamwambia nini mtoto wangu?"

"Ile ya kambale jikoni, Baba Atieno," akasema. "Si wewe ulinisimulia hapa hapa? Mimi nilikuwa mtoto wa duka, ziwa nililiona kwa mbali tu."

Jirani nimemsimulia mara ngapi sijui. Mwanangu nimemwambia nimetoka shifti, nimechoka. Mama yangu naye alichoka, tena kunizidi, lakini alitusimulia utoto wake akiparua ngege, magamba yakiturukia usoni.

Jumamosi naenda nao. Nitabeba kiti changu, nikae nyuma yao, nimsikilize Mzee Harish akimsimulia binti yangu utoto wangu.