Mume Wangu Alizikwa Nchi Gani

Mume wangu alikuwa mtu wa Kilolo, mtoto wa wakulima wa mahindi na njegere, na mpaka tulipooana hakuwa ameona maji mapana kuliko mto Ruaha. Alianza kazi kwa wapima ardhi kule Mbeya, akiwabebea fito na minyororo ya kupimia. Wakagundua kwamba ana mwandiko safi wa tarakimu na hakosei. Ndivyo alivyopelekwa pwani, akaandikwa kwenye meli ya serikali iliyokuwa ikipima bahari. Mimi nilibaki kwa wakwe zangu na binti yetu wa miezi saba.

Barua zake nilimsomea baba mkwe jikoni, tukiota moto. Alieleza kwamba kutwa nzima wanashusha kamba yenye kipande kizito cha risasi mwishoni, inaitwa bildi, kujua kina cha maji, naye anaandika. Walikuwa mbali sana na nchi kavu, kwenye miamba ambayo maji yakijaa hufunikwa yote, isipokuwa fungu moja la mchanga. "Kwa ukubwa halifiki hata shamba letu la bondeni," aliandika. Siku moja ikaja meli ya serikali ya nchi nyingine, nayo inapima. Nahodha wake akamkaribisha nahodha wa kwetu chai, akamwambia kwa adabu kwamba yuko kwenye bahari ya watu. Kesho yake wa kwetu akamkaribisha yule, akamwambia vilevile.

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Wanagombea mahali pasipoota hata mchicha!"

Barua nyingine haikuja.

Tuliitwa bomani Iringa. Bwana Shauri, afisa wa serikali wa pale, alikuwa Mzungu kijana, na hakututazama usoni. Karani alitafsiri: mashua ya meli ilipinduliwa na wimbi kwenye mwamba, watatu wakaokolewa, mume wangu akapatikana jioni, amekwisha kufa. Walimzika palepale, kwenye fungu la mchanga. Sikulia. Niliitazama midomo ya karani, nikingoja aseme wamekosea mtu.

"Palepale ni nchi gani?" baba mkwe aliuliza.

Karani akatafsiri, akasikiliza jibu. "Mzee, anasema hilo hawezi kulisema."

"Hajui?"

"Akiandika ni kwetu, wale wengine watakuja juu. Akiandika ni kwao, atafukuzwa kazi. Wanangoja wakubwa huko Ulaya wazungumze."

"Mimi siombi hiyo nchi. Nataka kujua mwanangu yuko wapi, nikamwekee msalaba."

Bwana Shauri alisimama, akasema "pole" kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nadhani pole yake ilitoka moyoni. Lakini kalamu hakuigusa.

Cheti kilikuja baada ya mavuno. Mahali pa kifo waliandika "baharini". Mahali pa kuzikwa paliachwa wazi. Mchungaji alipokinakili kwenye kitabu cha kanisa, naye akapaacha wazi, kisha akakifunga kitabu taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mwaka uliofuata alikuja Mnyakyusa mmoja aliyefanya kazi na mume wangu melini. Alikuwa ametoka kwao Mbeya, akapanda milima yetu kwa miguu akituulizia. Nilimpa uji, hakuunywa.

"Dada," aliniambia, "mimi ndiye niliyeutengeneza msalaba, kwa mbao za sanduku. Nahodha akanikataza kuusimamisha. Alisema wale wenzao wataona ni alama, kwamba tumejitwalia mahali. Meli yao ilikuwa karibu, wanatutazama. Basi nikaulaza mchangani, ubavuni mwake, nikaufukia. Mnisamehe."

"Na wale wa meli ya pili," baba mkwe akauliza, "walifanya nini mkizika?"

"Walivua kofia, mzee. Wote."

Hapo baba mkwe aliinamisha kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bomani nikamsikia analia. Nami nikalia. Mgeni alishika bakuli lake la uji, hajui aliweke wapi.

Mzee hakuishi sana baada ya hapo. Tulipomzika nilihamia Mlandege, mjini Iringa, nikawa nashona nguo za watoto. Binti yangu alipoanza shule, mwalimu alimwuliza baba yake yuko wapi, akajibu kwamba yuko kazini. Aliponisimulia, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikamwacha aamini hivyo kwa miaka miwili zaidi.