Wimbo wa Ngamia Niliomwimbia Habiba

Nakumbuka asubuhi moja kule Kotile, mwanangu, niliposhindwa nguvu na mtu wa miezi tisa. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikuona. Umepata mtoto juzi, alhamdulillahi, ulikuwa umempakata vizuri kabisa. Vijana wenzako walipoingia uani ukamrudisha haraka kwa mama yake, ukajifanya unatafuta simu. Simu ilikuwa mkononi mwako. Ugonjwa huo naujua, niliwahi kuugua.

Nilipompata dada yako Habiba, kifungua mimba wangu, nilikuwa mchunga ngamia mwenye majivuno mengi. Siku arobaini za uzazi ziliisha nikiwa mbali malishoni, wala sikuona kosa. Nilidhani mtoto mchanga ni wa wanawake, atakuwa wangu akishaweza kushika fimbo. Nikirudi nyumbani nilimchungulia kutoka mlangoni, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Mwanamume kubeba mtoto mbele za watu? Wallahi, tungemcheka mwaka mzima.

Basi mama yenu akashikwa na tumbo, akakimbizwa Garissa kupasuliwa, na bibi yenu akafuatana naye kumuuguza. Habiba akabaki nami na shangazi yenu. Mtoto aliyezoea ziwa la mama akakataa kikombe. Shangazi alijaribu, akatemewa. Nikajaribu mimi, akapiga yowe kama aliyeona fisi. Siku ya pili midomo yake ilikauka, akawa analia bila machozi. Muuguzi wa zahanati akasema asipokunywa na kukojoa kufikia jioni, naye apelekwe Garissa kutiwa maji ya mshipa. Niliogopa, mwanangu. Tena niliona aibu, maana binti yangu wa kumzaa aliniona mgeni.

Hapo akaja Adeer Nuur, ndugu mdogo wa baba yangu, mzee asiyejua kubembeleza mtu.

"Ngamia akimkataa ndama wake, wewe hufanyaje?" akaniuliza.

"Namweka ndama karibu naye amnuse, namwimbia mpaka atulie."

"Siku ngapi?"

"Hata mwezi, adeer."

"Na huyu umemwimbia siku ngapi?"

Adeer akatikisa kichwa. "Wana bahati ngamia wako," akasema. "Vua hayo majivuno. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa."

Nikavua shati, nikamlaza Habiba kifuani. Ndani ya nyumba alilia zaidi, kwa hiyo nikatoka naye nje, mchana kweupe, nikaanza kuimba wimbo tunaowaimbia ngamia wakinywa maji. Kibanda cha chai kilikuwa ng'ambo ya njia. Mmoja wa wenzangu akasema kwa sauti, "Ngamia wa leo ana miguu miwili." Wakacheka sana. Nikapandisha sauti.

Niliimba hata koo likakauka. Pole pole akanyamaza, akabandika sikio kifuani pangu, akasikiliza. Nikachovya kidole katika maziwa ya ngamia, akanyonya. Nikaleta kikombe. Kufikia alasiri alikuwa amemaliza vikombe viwili, kisha akanikojolea tumbo zima mpaka kikoi kikalowa. Sijapata kuufurahia mkojo kama ule. Nikapita naye kibandani hivyo hivyo nilivyolowa, nikaketi katikati yao na kuagiza chai, na safari hii niliyecheka sana nilikuwa mimi.

Mama yenu aliporudi, Habiba alimchekea, kisha akaning'ang'ania shingo. Mama yenu alinuna siku nzima. Mimi nilitembea Kotile kama sultani. Leo Habiba ni mwalimu Ijara, na akiwa na shida au furaha, simu ya kwanza hunipigia mimi. Muulize mama yako, bado inamuuma.

Kuzaa si kazi, kazi kulea, na malezi hayamngoji mtoto ashike fimbo. Usisubiri shida ikufundishe kama mimi. Mwoshe, mlishe, mwimbie hata kama sauti yako ni mbaya, na yako ni mbaya. Mbebe mbele ya hao hao unaowaonea haya. Watacheka, kisha nao watazaa, watakuja kukuuliza.

Mola akukuzie mwanao, akupe umri wa kumwona akilea wake, na siku atakapoogopa, iwe shingo yako ndiyo anayoikimbilia. Amin. Namsikia analia sasa, na wenzako wamerudi tena uani. Nenda ukamchukue.